Ng'ombe wa Kilima cha Viapo

Jembe liligonga mfupa kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Bo Zhen, msimamizi wa matambiko wa dola ya Qiao, alifumba macho ili asije akatukana mahali patakatifu.

"Ng'ombe tena?"

"Ng'ombe tena, bwana," alijibu Babu Ruo kutoka shimoni. "Huyu alikuwa mwekundu, mkorofi kweli. Walimshika watu sita."

Bo Zhen hakuwa na nafasi ya hadithi. Jeshi la Kaskazini lilikwisha kuvuka mto, likiwa na magari ya vita ya farasi mia nane. Jemadari wao alikubali kurudi kwao kwa sharti moja tu: waapishane leo, kabla jua halijazama. Ng'ombe achinjwe, wakubwa wapake damu yake midomoni, maneno yachorwe kwenye jiwe, kisha vyote vifukiwe pamoja ili mizimu ishuhudie. Na lazima iwe kwenye udongo ambao haujawahi kufukiwa kiapo kingine. Hapo ndipo palipomtoa jasho. Kilima kilikuwa kimejaa kama ghala la mavuno.

Watu wa Qiao walikijaza wenyewe. Miaka thelathini nyuma, Qiao ilikuwa ngome moja ya udongo na magari arobaini. Ikaapa undugu na dola ya Heng, ikaimeza. Ikaapa undugu na Pei na nyingine nyingi, ikazimeza. Ikapata mashamba ya mtama, ikapata machimbo ya shaba, na watumwa wa kuyachimba. Kila undugu uliacha ng'ombe mmoja kilimani, bila alama yoyote juu yake.

"Wewe mzee, unachimba au unakanda unga?" Bo Zhen alifoka. Tangu jana alikuwa amefunga kama tambiko linavyotaka, na tumbo lilimnguruma mbele ya wachimbaji.

Wachimbaji wakamtania Ruo kwamba anajitafutia kaburi, anachagua lenye upepo mzuri. Ruo akacheka nao. Kisha akapanda juu, akakung'uta magoti yake, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya mti wa peasi.

"Hapa pako wazi, bwana."

"Kumbe ulijua. Tangu asubuhi unanichezea?"

"Hukuniuliza. Ulinionyesha kwa fimbo, nikachimba."

Bo Zhen alimeza hasira pamoja na mate. "Siku za viapo vile, ni wewe uliyechimba?"

"Nilikuwapo," alisema Ruo. "Ila siku hizo sikuchimba."

Shimo lilikamilika jua likiwa juu ya vilima vya magharibi. Jemadari wa Kaskazini alifika akitabasamu. Maofisa wake, walipokuwa wakipita, waliupima upana wa lango la mji kwa macho, mmoja akahesabu hatua. Jemadari alipaka damu mdomoni hata kabla maneno ya kiapo hayajasomwa mpaka mwisho, kama mtu anayeonja mchuzi alioutia chumvi mwenyewe. Bo Zhen aliliona hilo. Alitaka kusema neno, lakini jiwe lilikuwa tayari chini, juu ya ng'ombe.

Wageni wakaondoka. Mtawala wa Qiao, kijana wa miaka ishirini na minne, alibaki kando ya shimo akimtazama Ruo anavyofukia. Usoni alikuwa mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo. Alisema usiku huu atalala, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake. Kisha akainua mkono, akajifuta damu mdomoni kwa joho lake jeupe la hariri.

"Usifutie joho, mwanangu," Babu Ruo alimwambia, bila kuacha kufukia. "Damu ya ng'ombe haitoki kwenye hariri. Langu lilikaa na doa la kiapo cha Pei mpaka siku baba yako aliponivua, akanipa jembe hili."