Mguu wa Fundi Viatu

Gongo liligonga ukuta mara tatu. Maana yake chai. Mara mbili ilikuwa ndoo ya maji, na mara moja ilikuwa njoo hapa nikutukane. Mke wa fundi viatu alimimina chai huku akisonya.

"Umekawia," fundi alisema alipoipokea. Asante hakuijua. Mguu wake wa kushoto ulilazwa juu ya mto, umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Aliteleza ngazini, kifundo kikavunjika mahali pawili, madaktari wakampasua na kukiunga kwa chuma na skrubu. Walimwambia asikanyage kwa wiki sita. Kliniki ya wiki ya sita alisindikizwa na rafiki yake, akarudi na habari kwamba kaongezewa muda. Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja, na bado alidai mguu ukigusa sakafu tu anaona nyota mchana.

Kibanda cha kushonea viatu pale sokoni kilikuwa cha baba yake mke. Mzee ndiye aliyewafundisha kazi fundi na binti yake mwenyewe, kisha akawaozesha. Alipofariki, kibanda kikaandikwa jina la mkwe, maana hakuna aliyekumbuka kumuuliza binti. Tangu hapo mke hakuruhusiwa hata kupiga kiatu rangi.

Mguu ule ndio uliomrudisha kibandani. Alfajiri alifua, akapika, akamwogesha mume. Saa mbili yuko kibandani, na jioni anarudi kupokea matusi yake. Lakini soli alizoshona yeye hazikubanduka, na wateja walishaanza kumwita Bi Msharasi, kwa ile sindano nene ya kushonea ngozi. Jina hilo lilimfikia mume kitandani, likamchoma kuliko skrubu.

"Usivimbe kichwa," alimwambia. "Siku nikikanyaga chini unarudi jikoni. Kiatu cha mtu hutakishika tena."

Mke alimwomba Mungu amponye mume wake, kisha akaomba asiharakishe.

Jumanne alifagia uvunguni, akatoa sandali za ngozi alizomshonea mumewe siku alipotoka hospitali. Ya kulia mume aliivaa alipojikongoja na magongo kwenda chooni. Ya kushoto ilikuwa inangoja mguu upone. Mke aliigeuza, kwa mazoea tu ya watu wa kazi ile. Soli ilikuwa imelika ukingoni upande wa nje, na kokoto imekwama kwenye nyuzi.

Alikaa kitako sakafuni. Baadaye alimuuliza jirani wa mlango wa pili, akijifanya anapiga soga. Jirani alishangaa. Alidhani mgonjwa kapona zamani, maana kila siku saa nne humwona akipita kwenda kucheza drafti, na saa kumi hurudi.

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka moto. Wiki zote hizo alikuwa akimbebea ndoo mtu anayetembea. Aliingia chumbani, akayatazama magongo yaliyoegemea ukuta, akatamani kumvunja nayo mguu wa pili ili angalau asiwe mwongo.

Lakini aliyaacha palepale. Kesho yake alifunga kibanda mapema, akapita ofisi fulani, akazungumza na mtu kwa muda mrefu. Jioni akamwambia mumewe kwamba kuna mtu atakuja Ijumaa kumuuliza habari za mguu.

"Mtu gani?"

"Wa ofisini. Anataka akuone kwa macho yake."

Fundi alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka. Akasema bila shaka ni ustawi wa jamii, na kwamba amesikia wanatoa viti vya magurudumu, vipya kabisa. Akamwagiza mke siku hiyo amfunge bandeji nene zaidi. Mke akaifunga.

Ijumaa alifika bwana mmoja mwenye miwani na jalada, ambaye fundi hakuwahi kumwona. Mke alimpa kiti, akasimama mlangoni na kukunja mikono kifuani.

Mgeni aliomba, kwa adabu zote, fundi ajaribu kusimama. Fundi akajaribu. Alipiga yowe, akajitupa kitandani, na jasho la kweli likamtoka. Hata mke, na yote aliyoyajua, nusura amwonee huruma.

"Pole sana," mgeni alisema. "Na kazi je? Hata baadaye?"

"Kazi gani tena, bwana? Mimi sasa ni wa kukaa tu. Mguu huu umekwisha."

"Una hakika, fundi? Nikishaandika nimeandika."

"Andika. Tena kwa herufi kubwa."

Mgeni akaandika. Fundi alitia sahihi bila kusoma, macho nusu kayafumba kwa maumivu. Muhuri ukagongwa, jalada likafungwa, na mgeni akamgeukia mke.

"Basi, mama, sheria ya soko ndiyo hiyo. Mwenye kibanda akishindwa kazi, hupewa yule anayekiendesha. Kuanzia leo ni chako."

Akaaga, akatoka.

Fundi aliruka kutoka kitandani. Alivuka chumba kwa hatua nne, miguu yote miwili, bila gongo, mpaka mlangoni. Mgeni alikuwa ameshakata kona.

Mkewe akampisha njia.

"Kimbia, utamkuta ofisini," alimwambia. "Mwambie umepona."