Vidole vya Swafia

Shee, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa amepata kazi katika nchi ile ile anakosoma binti yake, Swafia. Aliruhusiwa kuishi huko na mkewe na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Akidanganya mmoja, wote wangekataliwa.

Swafia alijaza fomu yake, akaipiga picha na kuituma kwa simu. Penye ndoa aliandika: sijaolewa.

"Haya, Mama Swafia, tia sahihi. Mzazi lazima athibitishe," Shee alimwambia mkewe, akimwonyesha picha hiyo na kumwekea mbele karatasi ya uthibitisho.

Mkewe, Mwanakheri, alikuwa akitazama vidole vya binti yake vilivyoshika ncha ya fomu pichani. Vilikuwa na maua ya piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, mpaka kwenye kiganja, na kwao msichana hapakwi piko kabla ya harusi yake.

"Nani kampaka huyu?"

"Wenzake wa chuo. Huko hata wanaume wanapakana kwa mchezo," Shee alicheka. "Wewe nawe, kazi kushuku tu."

"Juzi aliniuliza mimi nilipewa mahari gani."

Kicheko kikamwisha Shee. Akaikuza ile picha mpaka vidole vikatoka nje ya kioo cha simu, yakabaki maandishi peke yake. Kisha akamsogezea mkewe kalamu, bila kumtazama usoni.