Adhabu ya Kiingereza

Chanceline alitoka kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, bila hata kunawa mikono. Alimwachia Radhia, jirani yake mwenye duka, kazi ya kufukuza kunguru, akashika njia ya shule huku karatasi ya mtihani wa mwanzo wa muhula kaikunja ndani ya ngumi. Mtu alimsalimu, "Amahoro, mama Aksanti," akajibiwa na mgongo.

Tatu kwa ishirini! Tena Kiingereza! Hesabu mtoto alikuwa na kumi na nane. Kirundi, alichokianza juzi tu, kumi na nne. Kiingereza, tatu. Ati Aksanti! Mtoto aliyekimbia vita vya Kivu akakulia kambini Uganda kwa miaka tisa, aliyekuwa akigombana na wenzake kwa Kiingereza na kuweweseka usingizini kwa Kiingereza. Chanceline mwenyewe huko hakuambulia ila maneno ya kununulia sabuni.

Mwanzoni hasira zote zilimwangukia mtoto.

"Umekuwa muvivu!"

"Mama, niliandika muzuri."

"Muzuri gani? Huoni hii wino nyekundu?"

Mwalimu Jephté alikuwa ameuliza maneno matano, kila neno na maana zake zote. Penye neno light Aksanti aliandika mwanga, akaongeza -epesi, akaongeza tena kuwasha. Penye bank aliandika benki, halafu ukingo wa mto. Yote yalikatwa. Chini mwalimu aliandika: abaki kila siku baada ya masomo. Na mtoto akabaki, muhula mzima, anarudi jua linazama na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

Chanceline aliyavumilia yote hayo kwa sababu ya Muhuta. Masista wa huko walikuwa wameshamkubali Aksanti katika shule yao ya bweni, kwa sharti moja: avuke darasa la sita bila kuanguka somo hata moja. Akianguka Kiingereza, nafasi anapewa mwingine, na yeye anarudia darasa hapo hapo Rumonge, kwa Jephté yule yule. Kwa hiyo mama alinyamaza. Adhabu ni adhabu, alijiambia, labda itamfungua akili.

Mpaka leo Radhia alipouliza.

"Shoga, huko anakobaki, wanabaki wangapi?"

"Peke yake."

"Peke yake? Na mwalimu mwanamume? Kila siku ya Mungu?" Radhia aliteremsha sauti. "Mie sisemi kitu. Lakini umemuuliza mtoto wanafanya nini mle ndani?"

Alikuwa amemuuliza, ndiyo. Aksanti aliinamisha kichwa akasema mwalimu amemkataza kusema. Na yeye, mama mzima, aliendelea kugeuza ndagala! Hasira zilizompanda sasa zilianzia kwake mwenyewe, zikaenda kwa Jephté, kisha zikarudi tena kwake. Alitembea akijitukana kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno machache ya Uganda. Huyo mwalimu leo angekiona cha mtema kuni, na kama angetoroka, angemfuata mpaka Bujumbura.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Mlango wa darasa la sita ulikuwa umefungwa, na madirishani walikuwa wametundika vitenge. Vitenge! Shule gani inatundika vitenge madirishani? Chanceline alisogea, akatega sikio.

"Nimechoka, mwalimu," ilikuwa sauti ya Aksanti. "Mama ananingoja."

"Bado kidogo," alisema Jephté. "Usiende. Na usimwambie mtu, tumeelewana?"

Chanceline hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, kitasa kikaruka huko.

"Munamufanya nini mutoto wangu?"

Aksanti alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Jephté alikuwa ameketi kwenye benchi la kwanza, magoti yamemfika kidevuni, daftari mapajani. Pembeni yake alikaa direkta wa shule, miwani puani. Nyuma yao walikuwa walimu wengine wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wamebanana kwenye viti vya watoto, na kila mmoja ana kalamu. Mmoja wao hakuinua hata kichwa. Alikuwa bado ananakili.

Ubaoni paliandikwa light, na chini yake mwanga, na -epesi, na kuwasha.

Chanceline aliikunjua ile karatasi iliyonuka samaki. Aliitazama, akautazama ubao, akaitazama tena. Kusoma Kiswahili alijua.

"Hizi si zile zile ulizokata?"

Jephté alisimama, benchi likalia. "Mama, tafadhali, funga kwanza mlango. Sisi wote hapa tulisomea Kifaransa. Kiingereza kimetukuta ukubwani, na wazazi wakijua…"

"Sijauliza mulisomea nini! Mutoto anajua ao hajui?"

"Anajua," alisema Jephté, macho chini. "Anatushinda sote."

"Basi mbona tatu? Mbona tatu, mwalimu?"

Jephté alimgeukia direkta. Walimu wote walimgeukia direkta. Naye alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai, akasema kwa upole wa mtu anayeomba jambo dogo tu:

"Sasa mama, akienda Muhuta, mwaka ujao sisi tutafundishwa na nani?"