Udongo wa Juu

Afisa wa mazingira alifika kwenye swali la mwisho la fomu ya kibali cha machimbo ya kokoto.

"Mkimaliza kuchimba, hili shimo mtalifukia na nini? Kifusi hakioteshi kitu. Udongo wa juu mliupeleka wapi?"

Wiki hiyo swali hilo lilikuwa limewanyima kibali wachimbaji watatu. Wote walikuwa wameuuza udongo wao kwa wafyatua tofali.

Sikudhani, kiongozi wa kina mama wapondaji wa kokoto, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Njoo, baba! Njoo uone mwenyewe!"

Akamvuta mpaka kwenye kilima kilichofunikwa na majani ya maboga. Miaka sita alikuwa amekataa kuuza hata ndoo moja, mpaka wenzake wakambandika jina la Mama Kichuguu. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na konzi ya udongo mweusi, nyungunyungu akijinyonganyonga katikati ya vidole.

"Huu hapa, wote! Maboga nimeyapanda ili mvua isiuzoe!"

Afisa akaichomeka kalamu kilimani, akaupokea udongo kwa mikono miwili, akaunusa. Kisha akatoa futikamba, akakizunguka kilima mara mbili akikipima. Kina mama wakaziacha nyundo zao, wakasogea.

"Haya," akasema, akifunua ukurasa wa sahihi. "Kalamu yangu iko wapi?"

Kina mama wote kumi na mmoja wakajitupa kwenye majani ya maboga.