Wiketi ya Sabini na Mbili

Nabwire alimaliza kumfunga mumewe vifungo vya koti jeupe la mwamuzi, akabaki ameshika kola.

"Leo usiende," alisema. "Leo kila mtu atakuwa anakuangalia wewe."

"Nisipoenda watasema nina wivu."

"Heri waseme hivyo."

Khaemba alijua kwamba akikaa nyumbani siku hiyo, atakaa siku zote, humo ndani ya chumba chao cha mtaa wa Gatwekera, akisikiliza redio ya jirani kupitia mabati. Wakatoka pamoja, wameshikana mikono kama walivyozoea siku hizi. Majirani waliwatania: wazee wazima, wanatembea kama wachumba.

Gatwekera wachache walijua kriketi, lakini wote walimjua Khaemba kwa jina la Sabini. Alikuwa mkata nyasi katika klabu moja ya mjini. Jioni moja wachezaji walikosa mtu wa kuwarushia mipira ya mazoezi, wakamwita yeye. Ndipo walipoona kwamba mpira ukitoka kwenye vidole vyake, ukishadunda, unapinda kama umeitwa kando na mtu. Walimpa jezi. Mwaka wa 1989 aliwatoa wapigaji sabini na mmoja, yaani wiketi sabini na moja, katika msimu mmoja wa ligi, na hakuna aliyewahi kufika hapo. Alirusha mpaka bega likagoma. Halafu akawa mwamuzi.

Kabla bega halijagoma, alimfundisha fundi viatu mmoja wa Kabiro, kule Kawangware, aliyeitwa Mutie. Hakumficha kitu. Alimwonyesha jinsi ya kushika mshono wa mpira, jinsi ya kumdanganya mpigaji kwa kifundo cha mkono, siku gani upepo ni rafiki. Mutie alijifunza vizuri mno. Sasa ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa 1998, na Mutie naye alikuwa na sabini na moja. Alibakiza moja tu kuivunja rekodi. Na mwamuzi wa upande aliokuwa akirushia alikuwa Khaemba.

Watu walikuwa wameshaanza kusema. Walisema Sabini amebadilika tangu rekodi yake ianze kukaribiwa. Hasalimii mtu mpaka asalimiwe. Akiombwa uamuzi anachelewa, ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa.

Saa tisa alasiri mpira wa Mutie ulimpiga mpigaji mguuni, kwenye pedi yake ya kujikinga. Uwanja mzima ukapiga kelele kumwomba Khaemba. Sheria yenyewe si ngumu: kama mguu usingekuwa pale, mpira ungegonga vile vijiti vitatu vya nyuma? Mwamuzi peke yake ndiye husema, akiinua kidole mpigaji ametoka, na hakuna wa kumpinga.

Khaemba akatikisa kichwa.

Baada ya dakika kumi, tena. Pedi, kelele, na Khaemba akatikisa kichwa mara ya pili. Kando ya uwanja watu wakaanza kumzomea.

Mutie alimkaribia, akasema kwa sauti ya chini.

"Kochi, kama nilikukosea, si uniambie tu. Juzi pale sokoni Toi nimekupungia mkono, ukanipita kama hunijui."

Khaemba alikuwa na jambo moja tu la kumjibu, na hilo hangeweza kulisema kisha abaki na koti lile mwilini.

"Hujanikosea," alisema. "Rusha mpira, Mutie."

Mpira uliofuata ulitoa mlio mzito. Wachezaji wote wakamgeukia Khaemba wakipaza sauti, halafu kelele zikafifia, maana hakutikisa kichwa. Alisimama tu. Alimsikia Mutie akihema hatua mbili kutoka alipo. Alitamani mtu mwingine, yeyote, aje asimame mahali pake kwa dakika hiyo moja. Hakuna aliyekuja.

Akainua kidole.

Mpigaji hakuondoka mara moja. Aligusa ukingo wa kibao chake cha kupigia akionyesha kwamba mpira ulipita hapo kwanza kabla ya kufika kwenye pedi, na ikiwa hivyo basi hakustahili kutoka. Hakuna aliyemjali. Mutie alikuwa ameshamkumbatia Khaemba na kumwinua juu. Wale waliozomea walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Nahodha wa timu iliyoshindwa alisema maishani mwake hajawahi kuona mtu akiitoa rekodi yake kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mpira wenye shaka. Mwandishi wa gazeti alitaka kujua Khaemba aliona nini katika dakika ile. Khaemba alimwambia kwamba Mutie alistahili, na mwandishi akaandika hivyo hivyo.

Nabwire, aliyetazama mechi yote akiwa amesimama kwenye ua, alimngoja langoni. Walitembea mpaka wakakaribia soko la Toi.

"Mutie alikuwa analia au anacheka?" Khaemba aliuliza.

"Alikuwa analia," Nabwire akasema. "Inua mguu, kuna mtaro."

Khaemba akainua mguu. Mpira hakuwa ameuona tangu Machi. Nyuso za watu, tangu Agosti.