Kifaru Abana Matumizi

Mwaka mmoja ukame uliikumba dunia nzima, na kila mtawala akahangaika kivyake. Nyati alitangaza kwamba kwake hafukuzwi mtu kazini. Jirani yake Kifaru akamcheka, akaamua kubana matumizi. Alianza na askari wake, wale ndege wadogo waliokaa mgongoni mwake wakila kupe.

"Hali ni mbaya, siwezi kulisha kila mtu. Shukeni!"

"Lakini Mzee, sisi tunakula kupe wanaokunyonya," akasema Tiri, mkubwa wao. "Na macho yako hayaoni mbali. Hatari ikija nani atakupigia kelele?"

"Kupe ni wangu. Nimesema shukeni!"

Wakashuka, wakahamia kwa Nyati.

Mvua ikarudi, nyasi zikaota kote. Nyati akanenepa. Kifaru akazidi kukonda, kupe wamemjaa hadi masikioni. Siku moja akajikongoja hadi kwa jirani, akaita kwa sauti ya chini, "Tiri, mwanangu, rudini kazini."

"Shikamoo, Mzee," Tiri akajibu kwa upole kutoka mgongoni mwa Nyati. "Kazi tunayo."

Mpaka leo, jani likitikisika tu, Kifaru hutimua mbio. Mara nyingi huwa ni upepo, ila hana wa kumwambia hivyo.