Safari Hii Hawapotei

Kitone cha buluu kilikuwa kimesimama Keumbu, na Bochaberi alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki katikati ya uwanja wa babu yake, simu ameinua juu akitafuta mtandao.

"Wanafanya nini hapo?" alipiga kelele. "Nani amewaambia washuke sokoni?"

"Shuka wewe kwanza," alisema babu yake, Mzee Omosa. "Wageni wakikukuta hapo juu watadhani nakupiga mnada."

Watu wakacheka. Siku hiyo kila kitu kilichekesha. Kuku walikuwa wameiva, ugali wa wimbi umefunikwa, na wanawake walipiga vigelegele hata lilipopita gari la majani chai.

Lakini kulikuwa na hofu moja, na kila mtu pale aliijua. Mzee Omosa alikuwa ametoa neno lake mbele ya ukoo mzima: ng'ombe hawa wa mahari wasipoingia kwa lango hili leo, harusi ya Bochaberi na Eric haipo. Kadi zilishachapishwa. Kanisa lilishakubali. Mzee hakujali. Alisema amechoka kudanganywa.

Maana wageni hawa walikuwa na sifa ya kupotea. Safari moja walisingizia mvua. Safari nyingine walitoka Kisii mjini wakashika njia ya Suneka, upande mwingine kabisa, wakaingia kwenye boma la watu wasiowajua. Wakakaribishwa, wakachinjiwa. Na kwa kuwa hapa kwetu mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala, walikuwa wameshashiba ndipo ikajulikana hakuna anayemjua mwenzake. Wakarudi nyumbani na ng'ombe wao, wakipiga mbweu.

Kutengeneza tovuti ndiyo kazi ya Bochaberi, pale mjini Kisii. Shughuli hii aliitengenezea tovuti yake, yenye picha na ratiba ya siku, na safari hii akaongeza ramani. Unabonyeza "Nielekeze", ramani inatambua ulipo, inakuchorea njia kona kwa kona mpaka kwa Mzee Omosa. Mwanzoni ilikuwa inawatupa watu katikati ya majani chai ya jirani, kwa hiyo alitembea mwenyewe na simu mkononi akaweka alama langoni. Sauti ya mashine nayo ilitamka Keumbu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akaiondoa, akarekodi ya Anti Nyakerario, mdogo wa mama yake. Mwisho akaweka kile kitone: gari likitembea, nacho kinatembea.

Sasa kilikuwa kinatembea. Kinarudi Kisii.

"Uuui!" Bochaberi akapiga simu. Eric, aliyekuwa akiendesha gari la mbele, akaipokea. "Eric! Mnaenda wapi?"

"Si mimi! Kuna mtu hapa nyuma anasema amesahau koti, ati turudi Nyanchwa."

"Koti! Mwambie koti tutampa huku. Funga milango, halafu mfungulie Anti sauti yote."

Mara ikasikika ndani ya simu, sauti ya Anti Nyakerario ikinguruma garini: "Wee! Umepita! Geuza gari hapo hapo, na usijifanye hujasikia!"

Anti mwenyewe, kando ya sufuria, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Mama yake Bochaberi hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa ndani, amevaa nguo mpya, nywele zimesukwa, amekatazwa hata kusogelea jiko. Akatoa kichwa dirishani.

"Wamerudi tena?" aliuliza, na ile sauti ilimchoma Bochaberi moyoni.

"Hawarudi, mama. Wewe keti."

Kitone kikasita. Kikageuka. Bochaberi akaruka, kiti kikapinduka, naye akaendelea kurukaruka chini. Keumbu ikapitwa. Kona ya kanisa ikapitwa. Kituo cha kupimia majani chai kikapitwa. Boma zima lilikuwa limemzunguka, kila mtu akisoma ramani kwa sauti, hata wale walioacha miwani nyumbani. Mzee Omosa alijifanya hana habari, lakini ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Darajani! Wako darajani!"

Honi ikalia. Gari la Eric likachomoza kwenye kona, na nyuma yake lori la ng'ombe, likipanda polepole huku ng'ombe wakilalamika. Vigelegele vikapasua anga. Mzee Omosa akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Bochaberi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, wala hakujua aanze kumkumbatia nani. Harusi ipo! Kanisa lipo! Akamkumbatia Anti, mwiko na vyote.

"Haya," alisema Mzee Omosa, akijitahidi kukunja uso. "Huyo bwana harusi na atoke nimwone."

Eric akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Akatoka bwana harusi: mvi kichwa kizima, tai imemkaba shingo, uso umelowa jasho.

"Nimefika, binti yangu," alisema. "Leo sikupotea."

"Naona, baba." Bochaberi alimshika mkono kwa nguvu asije akarudi garini. "Pita ndani. Mama anawasubiri hawa ng'ombe tangu sijazaliwa."